Sura ya Sita: Fungu la Mfalme

"Mchungaji naye anatoa?" Swali hili haliulizwi kwa sauti ndani ya kanisa. Huulizwa njiani watu wakirudi nyumbani, huulizwa baada ya mazoezi ya kwaya, na huulizwa zaidi pale ujenzi mpya unapotangazwa na bahasha kugawiwa kila kaya. Tabora mjini, Sikonge, Urambo au Kaliua, mkulima anayesubiri malipo ya tumbaku kutoka chama chake cha msingi huambiwa atenge zaka, yaani sehemu ya kumi ya mapato yake, kisha atoe sadaka ya shukrani, kisha aongeze mchango wa bati. Akiuliza kama wakubwa wake nao wametoa, mara nyingi hujibiwa kwamba anayehesabu sadaka ya mwenzake ana roho ya uasi. Jibu hilo si la haki, na halitoki katika Biblia. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinalijibu swali hilohilo waziwazi: kinataja kiongozi kwa jina, kinaeleza alichotoa, kilitoka katika mali ya nani, na kilitumika kwa kazi gani.

Kiongozi huyo ni Hezekia, mfalme wa Yuda aliyeishi katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Wahubiri wengi humtaja kwa ajili ya maombi yake alipokuwa mgonjwa, au kwa ajili ya jeshi la Waashuri lililouzingira Yerusalemu. Wachache hukaa na sura ya 29 hadi ya 31, ambamo mfalme huyu kijana anaifufua ibada iliyokuwa imekufa. Hoja ya sura hii kuhusu kazi hiyo ni moja. Ibada ilifufuka kwa sababu mfalme alitoa mali yake kwa kipimo ambacho hakukiweka yeye. Wingi wa mali peke yake usingefanya kazi hiyo, na ushahidi wa kwanza ni baba yake mzazi.

Baba naye alitoa

Ni rahisi kusoma habari hizi kama kisa cha baba bahili na mwana mkarimu. Maandiko hayaturuhusu. Ahazi, babake Hezekia, alitumia mali nyingi katika ibada. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasimulia kwamba alikwenda Dameski kumlaki mfalme wa Ashuru, akaiona madhabahu huko, ikampendeza. Alimtumia kuhani Uria mchoro na vipimo vyake ili ijengwe nyingine kama hiyo Yerusalemu. Aliporudi alitoa juu yake sadaka zake mwenyewe, na madhabahu ya shaba iliyokuwapo tangu enzi za Sulemani ikasogezwa pembeni. Huyu si mtu aliyekataa kutoa. Huyu ni mtu aliyegharimia ibada aliyoibuni mwenyewe kwa kufuata ladha yake na mahitaji yake ya kisiasa. Mwisho wake unajulikana: vyombo vya hekalu vilikatwakatwa, milango ikafungwa, na madhabahu zikajengwa kila pembe ya Yerusalemu. Kiongozi anayelipa gharama zote huku akijiamulia kila kitu anaweza kuifunga nyumba ya Mungu kwa fedha zake.

Hezekia alirithi milango hiyo iliyofungwa akiwa na umri wa miaka 25. Katika mwezi wa kwanza wa mwaka wake wa kwanza aliifungua na kuitengeneza. Hakuanza na jeshi wala jumba lake. Aliwakusanya makuhani pamoja na Walawi, watu wa kabila lililopewa kazi ya kutumika hekaluni badala ya kupewa nchi ya kurithi kama makabila mengine. Akakiri mbele yao kwamba baba zao walikosa. Kutakasa nyumba hiyo kulichukua siku 16, na uchafu uliotolewa ulitupwa katika bonde la Kidroni. Hapo ndipo masimulizi yanapoanza kutuonyesha utaratibu wake, nao unafaa kuangaliwa hatua kwa hatua:

1. Alifungua na kutengeneza kilichoharibika.
2. Alikiri kosa la taifa, la ukoo wake likiwamo.
3. Aliwaita watu wote kwenye Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka Misri, hata wale wa makabila ya kaskazini ambao wengi wao waliwacheka matarishi wake.
4. Aliwapanga makuhani na Walawi kwa zamu.
5. Alitenga fungu lake kutoka mali yake mwenyewe.
6. Ndipo akawaambia wakazi wa Yerusalemu watoe sehemu ya makuhani na Walawi.

Hatua ya tano na ya sita zimefuatana katika sura ya 31, mstari wa 3 na wa 4. Mwandishi angeweza kuanza na agizo kwa watu, kisha akamsifu mfalme kwa kuchangia. Hakufanya hivyo. Fungu la mfalme limetangulia, na agizo limefuata.

Nani alipe, na kipi kilipwe

Fungu hilo lilikuwa nini hasa? Lilikuwa la sadaka za kuteketezwa, yaani wanyama waliochomwa wote juu ya madhabahu bila mtu kula nyama yake: za asubuhi, za jioni, za sabato, za mwezi mpya na za sikukuu. Vipimo vyake vimo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 28 na 29. Kila siku wana-kondoo wawili, mmoja asubuhi na mmoja jioni. Siku ya sabato waliongezwa wawili. Kila mwezi mpya waliongezwa ng'ombe dume wawili, kondoo dume mmoja na wana-kondoo saba. Ukihesabu zile za kila siku peke yake, ni zaidi ya wana-kondoo 700 kwa mwaka, kabla hujagusa sikukuu hata moja. Si sadaka ya kupigiwa vigelegele mara moja na kusahaulika. Ni gharama ya kudumu, ya alfajiri na magharibi, ambayo hakuna mgeni anayekuja kuishuhudia.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Kitabu cha Hesabu kinasema ni wanyama gani watolewe na lini, lakini hakisemi kwamba mfalme ndiye alipe. Agizo limetolewa kwa wana wa Israeli wote. Hezekia ndiye aliyeamua kuubeba mzigo huo. Kwa hiyo ukarimu wake na utii wake vimegawana kazi. Ukarimu uliamua nani alipe. Utii uliamua kipi kilipwe, lini, na kwa ajili ya nani. Ahazi alikuwa na la kwanza bila la pili. Hezekia hakuongeza madhabahu yenye jina lake, wala hakupunguza sadaka ya jioni kwa sababu hazina ilibana. Alilipa bili ambayo mwenye nyumba alikwisha kuiandika.

Ukarimu huo ulikuwa umeonekana hata kabla ya fungu hilo. Katika sikukuu ile ya Pasaka mfalme aliwapa watu ng'ombe 1,000 na kondoo 7,000, na wakuu wakatoa ng'ombe 1,000 na kondoo 10,000. Wakuu walimzidi mfalme, na mwandishi haonyeshi dalili yoyote kwamba mfalme alikasirika. Baadaye, agizo la zaka na la malimbuko, yaani mazao ya kwanza ya msimu, lilipoenea, watu walileta nafaka, divai, mafuta na asali hata yakawa marundo. Walianza kuyarundika mwezi wa tatu, wakamaliza mwezi wa saba.

Kwa ufupi: Hezekia alitoa kwanza, alitoa kutoka kwake, na alitoa kile kilichokwisha kuandikwa. Hayo matatu yakikaa pamoja, watu hawahitaji kusukumwa.

Kwenye njia ya Unyanyembe

Wasomaji wa magharibi mwa Tanzania wana kipimo chao cha kulielewa hili. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya karibu frasila mbili, kama kilo 32, kwa safari ya miezi. Mbele yao alitembea kirangozi, kiongozi wa njia, ambaye mara nyingi wapagazi wenyewe ndio waliomchagua. Alivaa vazi la kumtambulisha, na haikuruhusiwa mtu kumpita njiani. Lakini naye alikuwa mpagazi. Alibeba mzigo, ingawa mwepesi kuliko wa wengine, na alifuata njia ambayo wengi katika msafara waliijua: penye maji, penye watemi waliodai mhongo, yaani ushuru wa kupita, na penye msitu usio na chakula. Heshima yake ilikuwa kubwa, na haikumpa ruhusa ya kuugeuza msafara uelekee anakotaka.

Njia hiyohiyo inatupa mfano mwingine, ulio mgumu zaidi. Mwaka 1879 daktari Ebenezer Southon wa Chama cha Kimisionari cha London alifika Urambo, na Mtemi Mirambo akampokea. Mtemi ni mtawala wa jadi wa Wanyamwezi, na Mirambo alikuwa mtemi mwenye nguvu kuliko wote wa wakati wake, aliyewahi kupigana kwa miaka na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe. Alimpa mmisionari huyo mahali pa kukaa, akampa ulinzi na urafiki. Huo ulikuwa ukarimu wa kweli, na historia ya Ukristo wa Urambo haiwezi kuandikwa bila kuutaja. Lakini ulikuwa ukarimu wa mtawala mwenye mipango yake: alihitaji daktari, alihitaji uhusiano mwema na balozi wa Uingereza kule Zanzibar, alihitaji kuonekana kuwa mtu wa kufanya naye biashara bila kupitia kwa wapinzani wake. Mirambo hakuahidi kuwa Hezekia, na si haki kumlaumu kwa kutokuwa. Tunachoweza kuona ni hatima ya kazi iliyotegemea urafiki wa watu wawili. Southon alifariki mwaka 1882. Mirambo alifariki mwaka 1884. Kazi ya Urambo ikadhoofika, na mwaka 1898 chama kile kikaikabidhi kwa Wamoraviani. Zawadi inayosimama juu ya mapenzi ya mtoaji huzeeka pamoja naye.

Zawadi inayonunua

Yapo makanisa leo yanayoishi kwa zawadi za namna hiyo. Harambee inaitishwa, mgeni rasmi anaalikwa kwa sababu ya mfuko wake, anapewa kiti cha mbele na kipaza sauti, na waumini waliotoa miezi yote kimyakimya wanageuka watazamaji. Mtu atauliza: kuna ubaya gani, ikiwa paa limepatikana? Ubaya upo, na nchi yetu imewahi kuujadili mahakamani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilibadilishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo, kwa sababu mwenye mali alipata nafasi ambayo asiye na mali hakuipata, na mpaka kati ya ukarimu na rushwa ukapotea. Majaji hawakukataza mtu kuwa mkarimu. Walikataa ukarimu ambao unamwacha mpokeaji akiwa na deni.

Kenya jambo hilo limefika kanisani moja kwa moja. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa mimbari wakati wa ibada. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliukataa mchango ambao Rais William Ruto aliutoa kwa parokia ya Soweto, akaagiza urudishwe. Wapo waliosema kanisa limemdharau kiongozi aliyetoa kwa moyo. Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, na Hezekia anatusaidia kueleza sababu. Mchango wake haukumpa neno la ziada katika ibada. Hakuchagua wimbo, hakuchagua kuhani. Aliwaagiza Walawi waimbe kwa utaratibu ulioachwa na Daudi na manabii, yaani waliomtangulia. Mtoaji aliyejiweka chini ya utaratibu anaweza kutoa hadharani bila kumnunua mtu. Mtoaji aliye juu ya utaratibu atanunua hata akitoa kidogo.

Pingamizi zinazostahili jibu

Pingamizi la kwanza linatoka katika Hotuba ya Mlimani: Yesu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia, basi kwa nini tudai kujua fungu la kiongozi? Fundisho lile linahusu sadaka kwa maskini, na linamkanya anayetoa ili atazamwe. Fungu la Hezekia halikuwa la kumsaidia maskini mmoja kwa siri. Lilikuwa wajibu wa ofisi yake katika ibada ya watu wote, na wajibu wa namna hiyo huandikwa kama unavyoandikwa wa kila muumini. Kiongozi anayeficha kwamba ametoa ana unyenyekevu. Kiongozi anayetumia fundisho hilo kuficha kwamba hajatoa analitumia vibaya neno la Bwana wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mali ya mfalme ilitoka wapi kama si kwa watu? Akirudisha hekaluni kilichotoka katika ghala za wananchi, ukarimu wake uko wapi? Sikatai kwamba wafalme wa kale walitajirika kwa kodi. Sura ya 32 inataja hazina zake, ghala zake za nafaka na mazizi yake. Lakini mwandishi anatenganisha makusudi mali ya mfalme na zaka za watu. Hezekia hakuchukua kwenye marundo ya watu ili alipe fungu lake, na hakusema kwamba kwa kuwa anatumika hekaluni basi kazi yake yenyewe ndiyo sadaka. Maneno hayo ya mwisho husikika sana siku hizi kwa watumishi, na yanavutia, lakini Walawi wenyewe hawakuruhusiwa kuyasema. Waliopokea zaka waliagizwa nao watoe zaka ya zaka.

Jambo la tatu limo ndani ya Maandiko yenyewe, na mwandishi mwaminifu hawezi kulikwepa. Mfalme aliyeitengeneza milango ya hekalu ndiye aliyekuja kuibandua dhahabu yake. Katika mwaka wake wa 14 Senakeribu wa Ashuru alimtoza talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, na Hezekia akatoa fedha yote iliyokuwa nyumbani mwa Bwana pamoja na dhahabu ya milango na nguzo. Baadaye moyo wake uliinuka kwa kiburi. Ni yeye yuleyule. Wanaomchora kama mtakatifu asiye na doa hawajasoma vitabu vyote viwili. Kwangu mimi doa hilo linaitia nguvu hoja badala ya kuivunja. Ikiwa hata Hezekia aliweza kuyumba, basi ibada haiwezi kusimama juu ya wema wa Hezekia. Lazima isimame juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe alikitii.

Marundo na wasimamizi

Marundo yalipokuwa yamejaa, mfalme alikwenda kuyaona, akamsifu Mungu, kisha akafanya jambo ambalo viongozi wengi hawalifanyi mambo yakienda vizuri: aliuliza maswali. Azaria, kuhani mkuu, alimjibu kwamba tangu watu waanze kuleta, watumishi wamekula wakashiba, na kingi kimesalia. Hezekia akaagiza vyumba vitengenezwe. Konania Mlawi akawekwa kuwa msimamizi, na Shimei ndugu yake kuwa msaidizi wake, na chini yao watu kumi wametajwa kwa majina. Kore, bawabu wa lango la mashariki, akapewa kugawa. Katika miji ya makuhani wakawekwa watu waaminifu kuwagawia ndugu zao kwa zamu, wakubwa kwa wadogo, kwa kufuata orodha zilizoandikwa. Mtemi wa Kinyamwezi naye alikuwa na ghala lililotazamiwa kuwalisha wageni na wenye njaa, na watu walijua ghala lisilofunguliwa wakati wa njaa linasema nini kuhusu mwenyewe. Hezekia alikwenda mbele zaidi. Yeye aliyetoa kwanza hakujipa funguo.

Hilo lilikuwa na maana kubwa baada ya kifo chake. Manase, mwanawe, aliyabomoa karibu yote aliyoyajenga, na mtu anaweza kusema basi kazi ile ilikuwa bure. Lakini siku za Yosia, mjukuu wa Manase, hekalu lilipokuwa likikarabatiwa kwa fedha zilizokusanywa mlangoni, kuhani Hilkia alikiona kitabu cha Torati humo ndani. Yosia aliposomewa alirarua mavazi yake. Pasaka yake ilipofika, alitoa kutoka mali yake mwenyewe wana-kondoo na wana-mbuzi 30,000 na ng'ombe 3,000, na wakuu wake wakatoa kwa hiari. Utaratibu ni uleule, ingawa hakumwona Hezekia kwa macho. Alichokipata ni kipimo kilichoandikwa.

Unyamwezi ulipata jaribio la namna yake. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Tabora kutoka kwa Wajerumani, na wamisionari Wajerumani wa Kimoraviani wakakamatwa na kuondolewa. Fedha kutoka Ulaya zikakatika, na wafadhili wakawa maadui kwa mujibu wa vita. Ilikuwa miaka 18 tu tangu Urambo ikabidhiwe. Hakukuwa na mtemi wa kuushika mkono ushirika, wala mzungu wa kuuandikia barua. Palikuwa na walimu na wazee wenyeji, waliojua siku ya ibada, wakajua namna ya kufundisha na kusali, na wakala kutoka mashamba yao wenyewe. Baada ya vita, msaada ulipokuja kutoka kwa Wamoraviani wa Denmark, ulikuta watu wanaabudu.